Tembo Asiyetazamwa

Sogeeni. Aliyekuja kusinzia asinzie kwa heshima, asikorome, maana habari ya nchi ya Malumbala haitaki kelele za pembeni. Na msiniulize Bi Mwanarusi binti Kupa wa Vanga alifikaje huko. Alifika. Watu wakianza kuulizana njia, hadithi hufia njiani, na mimi sikuja hapa kuwaonyesha njia.

Huyu Bi Mwanarusi alikuwa mjane wa makamo, mwenye miguu isiyotulia na mdomo usiojua kufuli. Kwao Vanga alijulikana kwa kazi moja, ingawa hakuna mtu aliyempa: kusuluhisha ndoa. Mume na mke wakigombana, kabla wazee hawajatafuta kofia zao, Bi Mwanarusi keshaingia, keshavua viatu, keshaketi baina yao, na kabla chai haijapoa keshajua nani muongo. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Alikuwa akisema hajapata kuona ugomvi wenye waongo wawili walio sawa, lazima mmoja amzidi mwenzake. Kumbe alikuwa hajafika Malumbala.

Tembo hakuwa mgeni kwake. Kwao tembo ni yule mwenye masikio kama nyungo, anayeshuka kutoka vilimani mahindi yakikomaa na kumwachia mtu shamba la mabua. Hawa wa Malumbala walikuwa wengine. Masikio yao madogo, migongo imebinuka, vichwa vina matuta mawili juu ya paji, na kwenye mkonga na masikio ngozi imeingia madoadoa mekundu mepesi, kama ya mtu aliyeungua kwa maji moto zamani akapona. Majike hawana pembe za kuonekana. Na ajabu kubwa kuliko hayo, walikaa mjini na watu. Walikuwa wamekaa nao tangu enzi za mababu wa mababu zao. Wamewavutia magogo ya kujengea nyumba, wamewabeba wafalme wao kwenda vitani, na vita vikiisha wamewabeba mabibi harusi. Hakuna daraja, hekalu wala ghala katika nchi ile ambalo halikupitia kwenye mgongo wa tembo.

Mtoto wa tembo huko hapewi jina siku ya kuzaliwa. Husubiriwa mpaka aibe kitu jikoni kwa mtu, na alichoiba ndicho huwa jina lake mpaka kufa. Bi Mwanarusi alikutana na tembo dume mkubwa kama nyumba, mwenye pembe za kutisha, anaitwa Bamia. Alicheka mpaka akashika mbavu, na wenyeji hawakuelewa anacheka nini.

Lakini sheria mama ya Malumbala, ile anayofundishwa mtoto kabla hajajua kuhesabu, ni kwamba tembo hatazamwi. Tembo akipita, mtu huinamisha uso mpaka kidevu kiguse kifua, akabaki hivyo hadi kishindo kiishe. Wenyewe husema kiumbe aliyewatendea wema wote ule, kumkodolea macho ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Wamalumbala wanawajua tembo wao kwa nyayo na kwa mavi, basi. Katika jumba lao la kumbukumbu Bi Mwanarusi aliona picha za tembo mashuhuri zimetundikwa ukutani. Mmoja alichorwa na pembe juu ya kichwa kama ng'ombe. Mwingine alikuwa na ndevu. Alipomuuliza mlinzi wa jumba kama hakuna aliyewahi kulalamika, mlinzi alimjibu kwa upole kwamba anayesema picha imekosewa atakuwa anakiri kwamba amepata kutazama, na adhabu yake inajulikana. Hata mchoraji hakuwahi kutazama. Alikuwa ametuzwa mara nyingi kwa adabu yake.

Kulikuwa na watu wa aina mbili tu walioruhusiwa kuinua macho. Walezi wa tembo, kwa kuwa mtu hawezi kumwogesha asiyemwona. Nao walikatazwa kusimulia wanayoyaona. Wa pili ni wageni, kwa kuwa mgeni hana adabu hata hivyo.

Na heshima ilikuwa nyingi, msinielewe vibaya. Kila siku watu walileta ndizi za sadaka kwa ajili ya tembo. Ndizi hizo zilipokelewa na ofisi ya mapokezi, zikaonjwa kwa usalama. Zikapelekwa ofisi ya utakaso, zikaonjwa kwa ibada. Zikapanda ngazi mpaka kwa wakubwa, wakazionja kwa niaba. Kilichomfikia tembo ni maganda, yamepangwa vizuri kwenye sinia la shaba, yakisindikizwa na wimbo.

Aliyempokea Bi Mwanarusi alikuwa Mshika Itifaki wa nchi, bwana mmoja aitwaye Kadimu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, shingo imepinda mbele kwa miaka ya kuheshimu, na kifuani amening'iniza ufunguo mkubwa wa chuma. Kadimu alizaliwa karibu na zizi la tembo, baba yake alikuwa Mshika Itifaki na babu yake pia, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona tembo juu ya goti. Alimkaribisha mgeni kwa maji ya kunawa, kiti na tende, kisha akamwita Bi Mwamuzi.

Bi Mwanarusi akauliza mwamuzi wa nini. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huku kamba yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Kadimu alimweleza kwamba kila mwaka mvua zikikatika, mgeni wa kwanza kuingia nchini hufanywa mwamuzi wa Kesi Kuu, kwa sababu shauri la tembo haliwezi kuamuliwa na mtu asiyeweza kumtazama tembo. Akishatoa hukumu huachiwa aende zake na zawadi juu. Bi Mwanarusi alijidai kushtuka, akasema yeye ni mtu mdogo, hajui sheria. Moyoni alikuwa anacheka kwa furaha. Ugomvi! Tena wa nchi nzima! Aliuliza wagombanao ni nani, akavuta kiti karibu.

Wagombanao walikuwa watu na watu. Kundi moja linaitwa Mabwana, nalo linadai kwamba binadamu ndiye bwana wa tembo. Kundi la pili linaitwa Watumishi, nalo linadai kwamba tembo ndiye bwana wa binadamu. Mwaka wanaoshinda Mabwana, tembo hupelekwa kuvuta magogo, na mnyororo wa mguuni huitwa mnyororo. Mwaka wanaoshinda Watumishi, tembo husimamishwa katika Ukumbi Mkuu juu ya sakafu ya mawe akaimbiwa, na mnyororo ule ule hupakwa rangi ya dhahabu ukaitwa mkufu. Mwaka huo ulikuwa wa Watumishi. Bi Mwanarusi alipopelekwa ukumbini aliukwaruza mkufu kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chini yake kukawa na kutu, na chini ya kutu kukawa na rangi nyingine ya dhahabu.

Kwetu tunasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Malumbala wanapigana watu, anayeumia ni tembo.

Na tembo mwenyewe aliyesimama pale kwa niaba ya wenzake wote alikuwa jike mzee aitwaye Chumvi. Alipokuwa mdogo aliiba mfuko mzima wa chumvi akaulamba mpaka mwisho, akanywa maji siku nzima, na bado jikoni kwa watu wanasimulia. Bi Mwanarusi alimtazama, maana ndiyo kazi aliyopewa. Hakupenda alichokiona. Mashavu yalikuwa yamebonyea, uti wa mgongo umesimama, na ngozi inaning'inia mapajani kama nguo ya kuazima. Mbele yake palikuwa na rundo la makuti ya heshima. Chumvi alichukua kuti kwa ncha ya mkonga, akalitia kinywani, akatafuna, akatafuna, kisha akalitema likiwa donge. Sakafu ilikuwa imejaa madonge. Wafagiaji waliyazoa nyuso zao zikiwa chini, na mmoja wao alimwambia Bi Mwanarusi kwa fahari kwamba Mheshimiwa siku hizi anatoa zaka nyingi.

Bi Mwanarusi akaomba kuonana na mlezi wake. Asubuhi iliyofuata akampata mtoni.

Mlezi aliitwa Semane, mtu wa umri kama wake, mabega mapana, mikono imechubuka kwa kusugua. Kila asubuhi alimteremsha Chumvi mtoni akiwa na mnyororo wake, akafunga ncha ya pili kwenye nguzo ya jiwe, na Chumvi akajilaza kwa ubavu katika maji ya kina kifupi akangoja kusuguliwa kwa makumbi ya nazi. Waliwekwa pamoja wote wakiwa wadogo. Semane alikulia chini ya tumbo la Chumvi, mvua ikinyesha hapo ndipo palikuwa paa lake, na alipooa, mkewe alimwambia waziwazi kwamba anajua yeye ni mke wa pili. Katika nchi ile yote hapakuwa na mtu anayempenda tembo kwa macho yake isipokuwa hao walezi, na walikuwa wamekatazwa kusema.

Lakini mwamuzi akiuliza, mlezi anaruhusiwa kujibu. Bi Mwanarusi akauliza. Basi Semane akayamwaga yote. Alisema magego ya tembo yakiisha humsogelea mengine, nayo yakiisha mengine, lakini yapo ya mwisho, na Chumvi yuko kwenye ya mwisho, na ya mwisho yamelika hadi ufizini. Tembo wa porini wakifika hapo huenda kwenye vinamasi, wakala majani mororo yasiyohitaji meno, wakaishi miaka yao iliyobaki kwa raha. Ng'ambo ya Mto Selani kulikuwa na kinamasi cha namna hiyo, kinaonekana kwa macho, kijani kibichi mpaka upeo. Chumvi alikuwa akikitazama kila asubuhi akisuguliwa. Asipofika huko atakufa njaa mbele ya rundo la makuti.

Bi Mwanarusi akamuuliza kwa nini basi majani hayaletwi huku. Semane alicheka kicheko kibaya. Alikwisha omba. Watumishi walikataa kwa kuwa majani ya kinamasi ni chakula cha ng'ombe na kumlisha Mheshimiwa ni kumtukana. Mabwana walikataa kwa kuwa tembo asiyefanya kazi hali chakula cha kuchagua. Na wote wawili walimuuliza amejuaje kwamba tembo amekonda. Akisema amemwona, ametoa siri. Akisema hakumwona, hana hoja. Katika Malumbala nzima hakuna aliyeweza kusema Chumvi anakufa, maana kulisema ni kukiri umetazama.

Bi Mwanarusi alimkumbuka marehemu mama yake, siku za mwisho meno yalipomwisha, jinsi alivyokuwa akimpikia uji wa mchele mwepesi na kumnywesha kwa kijiko, na jinsi wajomba walivyokuja na nyama ya kuchoma kwa kuwa ndiyo heshima. Moyo ukamuuma. Kisha ile tabia yake ya Vanga ikamrudia, akamgeukia Semane kama anavyomgeukia mume aliyeficha kitu.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe unataka apate majani, au unataka abaki na wewe?"

Semane akaendelea kusugua mahali pamoja, mpaka Chumvi akatikisa sikio. "Vyote viwili, dada," akasema. "Nataka vyote viwili, na najua haviwezekani, na kila mwaka huja hapa nikamwomba Mungu kesi iishe, halafu naomba isiishe."

Akalia. Alilia bila kujificha, kumbi la nazi mkononi, na Bi Mwanarusi hakumwambia anyamaze. Alijua sasa kwamba ameketi katika ugomvi ambao Mabwana ni waongo, Watumishi ni waongo sawasawa nao, na mtu mmoja tu anayesema kweli anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Hii haikuwa ndoa ya kusuluhishwa kwa chai.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mimi ningetoa kitu changu cha thamani kuliona lile baraza: watu wote wa nchi, wakubwa kwa wadogo, wamevaa nguo zao za sherehe, wote wanatazama vidole vyao vya miguu. Mwenye uso wa juu ni mwamuzi peke yake, na Semane aliyesimama pembeni ya Chumvi, na Chumvi mwenyewe.

Wakili wa Mabwana alisimama, akaihutubia sakafu kwa ufasaha mkubwa. Alisema ukitaka kumjua bwana, tazama nani amemfunga nani. Nani alimtoa mwenzake msituni? Nani humwambia mwenzake simama, lala, vuta? Wakati wakili wa Watumishi alipopata nafasi, naye akaihutubia sakafu ile ile, pembeni kidogo. Alisema ukitaka kumjua bwana, tazama nani anamfagilia nani. Nani humkatia mwenzake majani tangu alfajiri? Nani humwogesha mwenzake, akambebea mavi yake, akamwamkia? Sijapata kuona bwana anayebeba mavi ya mtumwa, akasema, na nusu ya ukumbi ikapiga makofi kwa heshima. Hawa mawakili wawili walikuwa mtu na shemeji yake. Adhuhuri walikula sahani moja, wakapeana vipande vya nyama, wakarudi wakaendelea.

Bi Mwanarusi alisikiliza akiwatazama visogo. Nyuma yao Chumvi alikuwa akichukua kuti jingine, akalitafuna, akalitema. Kila alipotema, Bi Mwanarusi alihisi hasira inampanda. Alifahamu kwamba akisema bwana ni mtu, Chumvi atavuta magogo mpaka aanguke. Akisema bwana ni tembo, Chumvi ataimbiwa mpaka aanguke. Akisema tembo amekonda, watamwambia mgeni hajui tembo wao. Hata picha zinaonyesha ni wanene. Alitamani kupiga kelele. Badala yake akajifanya mjinga, kwa kuwa miaka yote aliyoingia nyumba za watu alijua kwamba mwenye kujifanya mjinga hufunguliwa milango.

Akawaomba mawakili wamfafanulie jambo moja, kwa sababu yeye ni mtu wa nje na kichwa chake ni kizito. Je, huu mnyororo ni ushahidi wa nani? Mabwana wakaruka kusema ni ushahidi wao, ndio unaothibitisha ubwana. Watumishi wakaruka kusema huo ni mkufu, ni ushahidi wao, nani amepata kumvisha mtumwa dhahabu? Zogo likawa kubwa. Bi Mwanarusi akaliacha lichemke, kisha akamgeukia Kadimu akamuuliza katika nchi hii kielelezo cha kesi, kikigombewa na pande mbili, hukaa wapi.

Kadimu, ambaye sheria zote alikuwa nazo kichwani, akajibu bila kusita. "Mezani kwa mwamuzi, ili upande mmoja usikichezee."

"Basi kije mezani," akasema Bi Mwanarusi.

Pande zote mbili zilifurahi mno. Kila mmoja aliona ushahidi wake unapewa nafasi ya juu. Mawakili walianza kubishana mnyororo uwekwe mezani upande wa kulia au wa kushoto, na katika ubishi ule hakuna mtu hata mmoja aliyefikiria kwamba ncha moja ya kielelezo ilikuwa na mguu ndani. Kadimu akavua ufunguo shingoni. Akaenda kwa magoti, uso chini, akipapasa sakafu kwa mkono, na mkono ukagusa unyayo wa Chumvi kabla haujagusa chuma. Akasita. Alikuwa hajawahi kugusa tembo. Bi Mwanarusi alimwona akiuacha mkono pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta kufuli. Kisha kufuli likafunguka, wapagazi wakaja, mnyororo ukarundikwa juu ya meza kwa kishindo, na mawakili wakauinamia wakigombana kama ni dhahabu au ni kutu.

Chumvi hakwenda popote. Alisimama vile vile, mguu wake umetulia kwenye alama yake, na palipokuwa na chuma palikuwa na duara la ngozi nyeupe. Bi Mwanarusi alimtazama Semane. Semane alijua maneno ya kumwambia Chumvi simama, na rudi, na lala. Neno moja tu lingetosha, naye mtu mwenyewe alikuwa amekwisha fumbua kinywa. Kisha akakifumba, akaiweka fimbo yake ya kuongozea sakafuni taratibu, na akakunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Chumvi akainua ule mguu. Akauweka mbele. Akainua mwingine. Akaanza kupita katikati ya watu kwa utulivu wa bi mkubwa anayetoka msikitini, na watu walipohisi kishindo kinakaribia, walifanya walichofundishwa: waliinama zaidi. Waliona nyayo kubwa zinapita chini ya pua zao, wakanong'ona maneno ya heshima, wengine wakapangusa machozi ya ibada. Mlangoni walinzi walimfungulia na kuinama hadi kofia zikaanguka. Ndani mawakili waliendelea. Wa Mabwana alikuwa amefikia hoja kwamba tembo hawezi kuishi bila mnyororo hata saa moja.

Bi Mwanarusi akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka nyuma yake pamoja na Semane.

Walimkuta mtoni. Mbele yake mto ulikuwa wazi, ng'ambo kinamasi kinametameta kwa jua la alasiri, na hapakuwa na kitu cha kumzuia. Lakini Chumvi alikuwa amejilaza kwa ubavu mahali pake pa kila siku, kwenye maji ya kina kifupi, mkonga juu ya jiwe, anangoja. Semane aliduwaa. Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akaokota kumbi la nazi, akaingia majini na nguo zake za sherehe, akaanza kumsugua. Alisugua nyuma ya masikio, akasugua mgongo, akafika kwenye lile duara jeupe mguuni, hapo akasugua kwa kiganja kitupu.

Nusu ya ubavu ilikuwa imekwisha safishwa Kadimu alipotokea. Alikuwa peke yake. Amefuata nyayo mchangani uso wake ukiwa chini njia nzima, na amebeba mnyororo begani, uzito wake umempinda zaidi. Alihema sana. Akasema kwa adabu kwamba mawakili wamemaliza, wanangoja hukumu, na kwamba kielelezo kinapaswa kurudishwa kilipotoka.

"Waambie kesi imefutwa," akasema Bi Mwanarusi. "Bwana na mtumwa wamekwenda kuoga, na mimi nimeshindwa kujua yupi ni yupi."

Kadimu alisema hukumu ya namna hiyo haipo katika sheria. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, kwamba asiporudisha tembo ukumbini kabla ya jua kuzama, walinzi watakuja wote, nao hawabembelezi. Semane alisimama wima majini, maji yanamtiririka, akauona ule mnyororo. Bi Mwanarusi akaona mambo yote yamebaki katika mikono ya mtu mmoja mwembamba, asiyejua hata anachokilinda. Akaenda akasimama mbele yake.

"Bwana Kadimu, mimi ni mwamuzi mpaka nitoe hukumu. Nakuamuru umtazame."

Kadimu alisema baba yake hakuwahi, babu yake hakuwahi. Bi Mwanarusi akamjibu kwamba anajua, na kwamba hatamwamuru mara mbili. Basi yule mzee akautua mnyororo mchangani. Shingo ile haikuwa imezoea; ikabidi aiinue kidogo kidogo, kama mlango wenye bawaba za kutu. Akaona magoti. Akaona mapaja yanayoning'inia. Akaona mbavu, zote, moja moja. Akaona bega, na sikio dogo lenye madoadoa, kisha akafika kwenye jicho, na jicho lilikuwa wazi linamtazama yeye.

"Kumbe ana kope," akasema.

Machozi yakamjaa. Akauliza, si kwa sauti ya ofisini tena, amekuwa hivi tangu lini, na Semane akamwambia. Akauliza kinachohitajika kiko wapi, na Semane akanyoosha kidole ng'ambo, ingawa hilo ndilo neno alilokuwa akiliogopa kuliko yote. Kadimu akakitazama kinamasi. Akamtazama Chumvi mara moja tena, haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu kabla hajanyang'anywa. Kisha akakiinamisha kidevu mpaka kifuani, na safari hii hakuna aliyemlazimisha.

"Mimi ni Mmalumbala mwenye adabu," akasema. "Tembo akivuka mto sasa hivi, mimi sitakuwa nimemwona. Na ukumbini hakuna aliyemwona akitoka."

Semane akamalizia kusugua upande uliobaki. Hakuharakisha. Alipomaliza alimpiga Chumvi kofi dogo begani, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kumwambia kazi imekwisha, na Chumvi akainuka, maji yakamporomoka. Akampapasa Semane uso mzima kwa ncha ya mkonga, kichwani, masikioni, mfukoni mwa kanzu alimozoea kukuta kipande cha muwa. Hapakuwa na muwa. Akageuka akaingia kwenye kina, akaogelea mkonga ukiwa juu, na Semane akabaki majini hadi kiunoni akiwa na kumbi mkononi. Hakumwita.

Semane alipotoka majini, wote watatu walikaa pale ufukweni. Bi Mwanarusi alikuwa na mengi ya kusema, akayameza. Baada ya muda ikaja sauti kutoka ng'ambo, ya majani marefu yanang'olewa, yakapigwapigwa kwenye maji kuondoa tope, kisha kimya, kisha yanang'olewa mengine.

Kadimu, uso wake ukiwa chini, akauliza, "Anakula?"

"Anakula," akasema Semane.